Mtutu safi au mtutu uliokwisha kupigwa: uchague upi kabla ya kwenda kuwinda Uganda

Safari ya kuwinda ikikaribia, wenye bunduki hugawanyika pande mbili. Mmoja anatoa ufito na brashi, anasugua mtutu mpaka chuma king'ae kuanzia chemba, sehemu ya nyuma inamokaa risasi, hadi mdomoni. Mwingine anasema bunduki ikishalengwa vizuri haiguswi, kwa kuwa masizi yaliyomo ndani ndiyo yaliyokuwemo siku ilipopiga shabaha. Wote wawili husema kweli, ila si kwa bunduki moja wala kwa pori moja.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kama una mahali halali pa kupiga risasi tatu au nne baada ya kusafisha, na risasi zenyewe unazo, safisha. Kama huna, usiiguse shaba iliyoachwa na risasi na kuganda ndani. Futa mafuta na vumbi kwa kitambaa kikavu, funga begi, nenda. Kuna hali ambazo jibu hilo halifai, nitazifikia.

Kinachobaki ndani

Kila risasi ikipita huacha masizi ya baruti, mengi yakiwa karibu na chemba ambako moto ni mkali. Huacha pia shaba, kwa sababu kichwa cha risasi huvikwa koti la shaba na koti hilo huchubuka likibanwa na mifuo ya msokoto, ile iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi. Fataki, kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, nayo huacha mabaki yake. Mafuta hayamo katika hesabu hiyo: hayo unayatia mwenyewe, na ndiyo yanayoleta matatizo mengi kuliko masizi.

Uso wa ndani wa mtutu, hasa wa bunduki za kawaida za kiwandani, una michirizi midogo iliyoachwa na mashine. Masizi na shaba hujaza michirizi hiyo. Baada ya risasi chache hali hutulia: kila kichwa cha risasi kinapita juu ya uso unaofanana na ule kilichopita mwenzake, na matundu kwenye karatasi yanakaa pamoja. Ukiusugua mtutu hadi chuma kitupu umeirudisha hali mwanzo. Muuza rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, wa Wandegeya jijini Kampala analijua jambo hili bila kushika bunduki: kikaango kikishasuguliwa kwa waya, chapati ya kwanza hushika.

Ukiongeza mafuta juu ya chuma kitupu, mambo yanazidi kuharibika. Utando mwembamba wa mafuta hubadilisha msuguano, mwendo wa risasi unabadilika kidogo, na risasi ya kwanza inatua pengine. Ni umbali gani? Hapo mitutu haifanani. Baadhi haionyeshi tofauti yoyote. Mingi hupeleka risasi ya kwanza sentimita mbili au tatu pembeni kwenye mita 100, kisha inarudi kundini kwa risasi ya pili au ya tatu. Mingine ni mikaidi zaidi, inataka risasi tano. Wa kwako ni wa aina gani, utaujua kwa kuupiga tu.

Sentimita tatu zina uzito gani?

Hapa watu hubishana bila kutaja mnyama, na ubishi huo hauishi.

Chukua nyati wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, unampiga kwenye mita 60. Sentimita tatu za mita 100 hapo ni kama mbili. Sehemu ya moyo na mapafu ya nyati ni pana karibu sentimita 30. Mtutu safi au mchafu, kama mkono wako umetulia, yote ni sawa. Anayekesha akihangaikia usafi wa mtutu kwa ajili ya nyati angeutumia vizuri zaidi muda huo kujizoeza kupiga akiwa amesimama na bunduki ameiegemeza kwenye fito tatu.

Sasa chukua kobu dume, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa, amesimama mahali peupe mita 180. Sentimita tatu zimekuwa tano na kitu. Sehemu ya kulenga ni kama sentimita 20 upana, maana yake kutoka katikati hadi ukingoni una 10 tu. Nusu ya nafasi yako imekwisha kuliwa na mafuta kabla hujahesabu upepo, mapigo ya moyo wako, na nyasi ulizoegemea. Kwa taya, swala mdogo ambaye mwili wake wote hauzidi sana kilo 20, hesabu hiyo haikubaliki kabisa.

Kwa hiyo mnyama akiwa mkubwa na karibu, amua kwa kufuata kutu na usalama. Akiwa mdogo na mbali, amua kwa kufuata risasi ya kwanza. Porini risasi ya kwanza ndiyo yenye kazi. Kundi zuri la matundu matano uwanjani halikusaidii ikiwa lile la kwanza lilitoka nje na wewe ukalipuuza ukisema mtutu ulikuwa haujapata moto.

Ushauri wa kambi ya jeshi na kwa nini haukufai

Sehemu kubwa ya elimu ya bunduki hapa kwetu imetoka jeshini na polisi. Muulize mstaafu yeyote atakuambia: bunduki husafishwa kila siku, na afande akipitisha kitambaa cheupe kikatoka cheusi, umeumia. Namheshimu mzee wangu huyo, lakini bunduki yake na yako ni tofauti.

Bunduki za aina ya AK huwa na mtutu uliopakwa kromu ndani, na kromu huvumilia kutu na kusuguliwa kuliko chuma kitupu. Zina mtambo wa gesi unaojaa masizi na unaohitaji kusafishwa ili ziendelee kufanya kazi. Bunduki ya kuwindia ya bolti, yaani ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi, haina kitu hicho. Risasi nyingi za zamani za nchi za Mashariki, yaani Urusi ya Kisovieti na washirika wake, zilikuwa na fataki zenye chumvi. Tena shabaha ya askari ni mtu mzima, haulizwi kuhusu sentimita tatu. Ukichukua desturi hiyo ukaihamishia kwenye bunduki ya kuwindia ya kipimo cha .30-06 au .375 yenye mtutu wa chuma cha kawaida, unausugua bila faida na kila asubuhi unaanza na mtutu ambao haujatulia.

Hiyo chumvi ya fataki inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayolipindua jibu langu la mwanzo. William Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 hadi akapewa jina la Karamojo, alipendelea bunduki nyepesi ya Rigby ya .275. Wawindaji wa enzi hizo hawakuwa na la kuchagua kuhusu usafi. Fataki zilitengenezwa kwa kloreti ya potasiamu, nayo ikiwaka huacha kloridi ya potasiamu, chumvi ambayo ni jamaa ya ile ya mezani. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na mtutu ulioachwa na chumvi usiku mmoja wa mvua unaweza kuamka na kutu. Mafuta hayaiyeyushi. Maji huiyeyusha, na bora yawe ya moto, kwa sababu mtutu uliopata joto hujikausha wenyewe.

Fataki zisizo na chumvi zilianza kuuzwa kwa wawindaji miaka ya 1920, lakini jeshi la Marekani liliendelea na zile za zamani kwa bunduki zake nyingi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nchi za Mashariki zilikawia zaidi. Risasi mpya za kuwindia zinazouzwa madukani leo hazina chumvi hiyo. Ila kama mkononi una risasi za jeshi za zamani, za kibweta kisichoeleweka kimetoka wapi, usisome zaidi: osha kwa maji siku hiyohiyo, kausha, paka mafuta. Kutu haisubiri ulinganisho.

Mahali unapokwenda

Kwenye mapapiro, yaani mafunjo, ya bonde la mto Kafu, ambako watu hukaa juu ya jukwaa wakimsubiri sitatunga, swala wa kinamasi, atoke alfajiri, adui ni maji. Bunduki inalowa kwa umande, inalowa kwa jasho la anayeibeba, na masizi yaliyomo ndani hushika unyevu huo na kuukalisha juu ya chuma. Kwa bunduki itakayokaa huko siku kadhaa, mtutu wenye masizi mengi ni mzigo. Hapa naegemea upande wa kusafisha, lakini kwa namna ya katikati ambayo wengi huisahau: toa masizi, acha shaba. Masizi ndiyo yanayonyonya maji. Shaba nyembamba haidhuru kitu, na ndiyo iliyojaza ile michirizi. Dawa nyepesi isiyo na amonia na vitambaa vichache vinatosha. Shabaha husogea kidogo kuliko ukisugua hadi chuma, ingawa risasi moja au mbili za kuhakikisha bado zinahitajika.

Huko mapapironi, kabla ya yote, ziba mdomo wa mtutu kwa tabaka moja la utepe wa umeme. Hewa iliyo mbele ya kichwa cha risasi huubandua utepe kabla risasi haijaufikia, kwa hiyo shabaha haiathiriki. Utepe wa shilingi chache huzuia maji na tope kuliko mafuta yoyote. Bunduki iliyochomekwa topeni mdomo chini kisha ikapigwa inaweza kuvimba mtutu au kupasuka, na hapo mjadala wa shabaha haupo tena.

Karamoja wakati wa kiangazi, tuseme Desemba hadi Februari, hali ni kinyume. Kutu haina haraka. Vumbi lina haraka. Mafuta mazito kwenye bolti na ndani ya mtutu hushika vumbi na kuwa uji wa mchanga, na mchanga huo unalamba chuma kila unapofungua na kufunga. Mtutu mkavu wenye masizi ya risasi chache, bolti iliyofutwa ikabaki na harufu tu ya mafuta, hiyo ndiyo bunduki ya Karamoja. Anayefika na bunduki inayometameta mafuta amejiandaa kwa kabati.

Ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako uwindaji wa kitalii ulirejeshwa kwa majaribio mwaka 2001, ziko katikati: fuata kalenda ya mvua. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, zifikirie kama Kafu. Nje ya hapo, kama Karamoja.

Mgeni na mwenyeji hawalipi bei moja

Mgeni anayetua Entebbe na bunduki yake ana uamuzi rahisi. Mashirika mengi ya ndege humruhusu kilo tano za risasi, na dawa za kusafishia zinazoshika moto haziruhusiwi kabisa ndani ya ndege, kwa hiyo usafi wa kina ataufanyia kwao. Mafuta membamba ndani ya mtutu kwa ajili ya safari ni jambo la busara. Akifika kambini, mwindaji mtaalamu anayemwongoza atamtaka apige karatasi kabla ya kwenda popote, kwa sababu darubini imegongwagongwa njiani. Risasi hizo tatu au nne za kukagua darubini ndizo zinazoutuliza mtutu. Kwake kusafisha ni bure.

Kosa la mgeni huja jioni ya siku hiyo. Karatasi imependeza, matundu yamekaa pamoja, ameridhika, anaketi kwenye kiti cha turubai na kuanza kusafisha tena kwa mazoea ya nyumbani. Kesho yake anakwenda porini na bunduki ambayo haikupiga ile karatasi. Watu wa kambini huliona hili na hunyamaza kwa adabu. Mimi nisingenyamaza: "Bwana, hiyo iache, mpaka safari iishe."

Mwenyeji mwenye kibali anapiga hesabu nyingine. Risasi moja ya .375 ni dola kadhaa, na kuipata kuna taratibu zake. Huwezi kuingia nyuma ya nyumba yako Wakiso ukapiga tatu, kisha ukawaambia majirani kwamba ulikuwa unatuliza mtutu; Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 ipo, na polisi hawatakuja polepole. Nako kwenye eneo la kuwindia unaingia kwa haki ya matumizi ya wanyamapori inayotolewa na UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, si kwa kujipangia. Mtu wa namna hii akisafisha hadi chuma wiki ya safari, amejinunulia risasi ya kwanza asiyoijua inakokwenda. Kwake mtutu uliokwisha kupigwa ni bora, mradi alipomaliza kulenga mara ya mwisho alizifuta chemba na bolti na kuiweka bunduki mahali pakavu.

Kuna wa tatu, na huyu hutajwa mara chache: mwindaji mtaalamu mwenyewe, pamoja na msaidizi anayebeba bunduki ya akiba. Bunduki yao haimlengi kobu wa mita 180. Kazi yake ni nyati aliyejeruhiwa, anayetoka kichakani mita 15. Sentimita tatu si chochote hapo. Kinachotakiwa ni bolti isiyokwama, chemba kavu, mtutu usio na kizuizi. Hiyo isafishwe kila jioni, na asubuhi ifutwe ikauke. Kwa hiyo katika safari moja, gari moja, bunduki mbili zinaweza kustahili majibu mawili tofauti, na hakuna aliyekosea.

Ukiamua kusafisha

Mitutu mingi haiharibiwi kwa kupigwa, huharibiwa kwa kusafishwa vibaya. Ufito ukiingizwa kutokea mdomoni hukwaruza ukingo wa mdomo, na ukingo huo ndio wa mwisho kugusa risasi. Ukiliwa upande mmoja, shabaha haitarudi kwa dawa yoyote. Toa bolti, ingiza ufito kutoka nyuma, tena ufito wa kipande kimoja. Zile za kuunganisha vipande vitatu hupinda katikati na kukwaruza. Kamba ya kuvuta ni afadhali kwa safari, mradi ioshwe, maana kamba chafu inapitisha mchanga uleule kila siku.

Brashi ipite yote itoke nje ndipo uirudishe, usiigeuze njiani. Dawa zenye amonia huyeyusha shaba vizuri, lakini usizilaze ndani kupita muda ulioandikwa kwenye chupa. Usizikusanye na dawa nyingine kwa matumaini ya kuharakisha.

Halafu kuna udanganyifu wa rangi ya bluu. Dawa ikigusa shaba, kitambaa hutoka na rangi ya bluu au kijani, nawe unajua bado ipo. Lakini brashi ya bronzi na kichwa cha shaba cha ufito navyo vina shaba. Mtu anasugua, kitambaa kinatoka bluu. Anasugua tena, bluu. Saa mbili zimepita, mtutu ulishatakata zamani, kinachoyeyuka ni brashi yake. Tumia brashi ya nailoni unapotumia dawa ya shaba. Na usitafute kitambaa cheupe kabisa. Shaba iondoe pale tu bunduki yenyewe inapolalamika, yaani matundu yaliyokuwa yakikaa pamoja yameanza kutawanyika na umehakikisha skrubu za darubini hazijalegea.

Chemba ikaushwe kabisa. Ganda la risasi linapopanuka hung'ang'ania kuta za chemba kavu. Chemba ikiwa na mafuta ganda huteleza, na nguvu yote inarudi kwenye bolti. Mafuta mengi ndani ya mtutu nayo ni hatari, kwa sababu yanaweza kuongeza msukumo risasi inapopigwa. Mwisho kabisa, bolti ikiwa nje, elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie. Kipande cha kitambaa kilichonasa ndani hakionekani ukiwa na haraka.

Zilizobaki, kwa kifupi

Bunduki ya .22 iache. Vichwa vyake vya madini laini ya risasi, vilivyopakwa nta, hutaka mtutu uliotulia kuliko bunduki yoyote kubwa, na bunduki hiyo ikisafishwa sana hukasirika kwa risasi nyingi. Bunduki ya marisau kwa ajili ya kanga haina msokoto, kwa hiyo haina hoja ya shabaha. Safisha upendavyo, ila chungulia kama kuna kizuizi. Bunduki ya mitutu miwili: ukisafisha mmoja, safisha na wa pili, kwani ililinganishwa ikiwa na mitutu miwili ya hali moja.

Ukiwa tayari porini, asubuhi ukakuta matone ndani ya mtutu baada ya usiku wa mvua, bunduki ikiwa tupu pitisha kitambaa kikavu mara mbili, kutoka nyuma. Usipake kitu. Masizi mengi na shaba yote vitabaki palepale, na karatasi uliyoipiga juzi bado inasema kweli. Mafuta yasubiri siku ya kurudi nyumbani. Siku hiyo paka, na iweke bunduki ikielekeza mdomo chini ili yasichuruzike kwenye kitako.